Forester: Mafuta Yalipungulia Wapi

Muuzaji akitaka kukutoza zaidi kwa Forester ya 2014 kuliko ya 2010, neno la kwanza kinywani mwake ni mwaka: hii ni mpya, inanusa tu mafuta. Kwa miaka hiyo miwili ana haki. Akitumia hoja hiyohiyo kukupandisha kutoka 2019 hadi 2024, anakuuzia hewa. Ulaji wa mafuta wa gari hili la Subaru haukupungua taratibu mwaka hadi mwaka. Ulishuka kwa vishindo, mara chache, na kila kishindo kina sababu yake ya kifundi. Iliyo kubwa kuliko zote ni giaboksi, ingawa sifa huwa zinakwenda kwa injini.

Tuanze na namba za EPA, shirika la mazingira la Marekani, kwa kuwa ndizo zinazolinganishika kwa kipindi kirefu. Chukua Forester yenye injini ya lita 2.5 isiyo na turbo, giaboksi ya otomatiki, magurudumu yote manne yakivuta wakati wote kama ilivyo kawaida ya gari hili. Kwa hesabu ya miaka ya modeli ya Marekani, mwaka 2008, mwisho wa kizazi cha pili (SG), wastani wa mjini na barabara kuu ulikuwa maili 22 kwa galoni, sawa na kilometa 9.4 kwa lita. Mwaka 2009 kikaja kizazi cha tatu (SH), chenye bodi kubwa na nafasi zaidi ya miguu nyuma, na wastani ukabaki 22. Mwaka 2011 injini ya EJ iliondolewa, ikawekwa FB: 23. Mwaka 2014, kizazi cha nne (SJ), kwa giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua bali hubadili uwiano taratibu: 27, yaani kilometa 11.5 kwa lita. Mwaka 2017 gari hilohilo lilifanyiwa marekebisho madogo likafika 28. Mwaka 2019, kizazi cha tano (SK), 29, sawa na kilometa 12.3. Mwaka 2025 kizazi cha sita kikaingia kwa mbwembwe zote, na toleo lake la petroli tupu likasoma 29 ileile. Mabadiliko ya kweli ya mwaka huo ni haibridi, yaani petroli pamoja na mota ya umeme: 35, karibu kilometa 14.9 kwa lita.

Onyo dogo kwa wanaopenda kuchimba vipeperushi vya zamani: kuanzia modeli za 2008, EPA iliongeza katika hesabu zake mwendo wa kasi, matumizi ya kiyoyozi na baridi kali. Lebo za karibu kila gari zikashuka bila gari lenyewe kubadilika. Ukilinganisha lebo ya 2006 na ya 2009 bila kujua hilo, utadhani Subaru walirudi nyuma.

Sasa zigeuze namba hizo kuwa lita, maana kilometa kwa lita ni kipimo kinachohadaa jicho. Mtu anayeendesha kilometa 15,000 kwa mwaka angechoma takriban lita 1,605 kwa gari la 2008, lita 1,535 kwa la 2011, lita 1,305 kwa la 2014, lita 1,260 kwa la 2017, lita 1,215 kwa la 2019, na lita 1,010 kwa haibridi ya 2025. Injini mpya ya 2011, iliyoandikwa sana magazetini, iliokoa lita 70 hivi. Mabadiliko ya 2014 yaliokoa lita 230. Kutoka 2014 hadi 2019, miaka 5 ya maendeleo, ni lita 90 tu, na kati ya 2019 na 2024 hakuna kitu. Piga hesabu kwa bei ya petroli ya mji wako, kisha uilinganishe na tofauti ya bei unayotajiwa yadi. Mara nyingi gari la 2019 halirudishi kwa mafuta hata robo ya pesa linayozidi lile la 2016. Kuna sababu nyingine nzuri za kulinunua, lakini mafuta si mojawapo.

Nitajuaje kwamba kishindo cha 2014 kilitoka kwenye giaboksi na si kwenye bodi mpya? Ushahidi umo ndani ya mwaka huohuo. Marekani, Forester ya 2014 yenye injini ileile na bodi ileile, lakini yenye gia 6 za mkono, ilipimwa maili 24 kwa galoni. Ya CVT ilipata 27. Tumezoea kusema gia za mkono hubana mafuta, na kwa otomatiki za zamani ilikuwa hivyo. Hapa mambo yamegeuka.

Sababu yake ni ya kimakanika kabisa. Otomatiki ya zamani ya SG na SH ina gia 4. Gia ya kwanza na ya mwisho zimepishana kwa uwiano wa karibu 4 kwa 1, basi. Ukiwa kilometa 100 kwa saa kwenye gia ya nne, injini inazunguka karibu mara 2,500 kwa dakika, na kila unapopanda kilima kidogo inabidi ishuke hadi gia ya tatu, mruko mkubwa. CVT ya Subaru, wanayoiita Lineartronic, hutumia cheni ya chuma kati ya puli mbili zinazobadili upana, na tofauti kati ya mwanzo na mwisho wake ni karibu 6.3 kwa 1. Kwa kasi ileile ya 100, injini inakaa chini ya 2,000. Injini ya petroli inapozunguka polepole huku koo la hewa limefunguka zaidi, hupoteza nguvu kidogo katika kunyonya hewa na katika msuguano. Hapo ndipo zile lita 230 zinapotoka.

Injini ya FB isidharauliwe hata hivyo. EJ20 ya lita 2.0, ile iliyojaa mitaani Nairobi na Dar es Salaam, ina silinda pana yenye mwendo mfupi wa pistoni: milimita 92 kwa 75. FB20 iliyoifuata ni milimita 84 kwa 90. Chumba chembamba cha kuunguzia hupoteza joto pungufu, na ukivuta kutoka chini gari haliombi mafuta mengi. Pia FB hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, kwa hiyo hakuna gharama ya kubadili mkanda kila kilometa 100,000. Mwaka 2019 injini ya lita 2.5 ikaanza kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, mgandamizo ukafika 12.0 kwa 1. Ni hatua nzuri kiuhandisi. Pampu ya mafuta ikaiona kidogo tu.

Magari mengi yanayofika Mombasa na Dar hutoka Japani, na huko ndiko namba zinapopotosha zaidi. Kwenye mtandao wa mnada utaona SJ5 ya lita 2.0 imeandikiwa kilometa 15.2 kwa lita. Hicho ni kipimo cha JC08, ambacho kasi yake ya juu kabisa ni kilometa 81.6 kwa saa. Kilichokitangulia, 10-15, kilikuwa laini zaidi: injini imeshapata moto, kasi haizidi 70, wastani kilometa 22.7 kwa saa. Kwa hiyo usichukue SH ya kipimo cha 10-15 ukaiweka kando ya SJ ya JC08 ukasema tofauti ni ndogo. Hazikupimwa kwa rula moja.

Kizazi cha SK kinatupa fursa ya kuona ukubwa wa udanganyifu huo, kwa kuwa kilipimwa kwa rula mbili. SK9, lita 2.5, ilisoma 14.6 kwa JC08 na 13.2 kwa WLTC, kipimo kilichofuata baada ya JC08. Na WLTC ya Kijapani ina uungwana mmoja: hugawa matokeo. Mjini kilometa 9.6, viungani 14.6, barabara ya kasi 16.4. Hiyo 9.6 ndiyo anayopaswa kuitazama mtu wa foleni ya Mandela au Thika Road. Kwa SJ5 ya lita 2.0 iliyo nzima, tarajia kilometa 8 hadi 10 kwa lita ndani ya jiji, na 12 hadi 14 safari ndefu ya lami usipozidi 100. Anayekuahidi 15 anasoma karatasi.

Sehemu ya ile 15.2 inatokana na mfumo wa kuzima injini gari likisimama. Katika JC08 gari husimama karibu asilimia 30 ya muda, hivyo mfumo huo hulipa sana maabara. Ukija huku betri ya asili inakufa, mwenye gari ananunua ya kawaida ya bei nafuu, na mfumo unaacha kufanya kazi kimyakimya. Betri inayotakiwa ni ile iliyotengenezwa kwa mfumo huo, mara nyingi yenye alama Q-85. Ukiona taa yake haiwaki kamwe kwenye mataa, angalia betri kwanza kabla hujalaumu kompyuta. Kwa upande mwingine, Dar mwezi wa Februari na kiyoyozi kikiwa juu, mfumo huo ni nadra kufanya kazi hata betri ikiwa mpya.

Mwaka ulioandikwa kwenye kadi nao hautoshi. Forester ya Kijapani ya 2010 inaweza kuwa SH5 yenye EJ20 au SHJ yenye FB20, kwa sababu injini ilibadilishwa mwishoni mwa mwaka huo. Zote, zikiwa otomatiki, zina gia 4. Soma herufi za modeli kwenye kibati cha chasi: SHJ ni FB, SH5 isiyo na turbo ni EJ, SJ5 ni FB20 ya kizazi cha nne, SJG ni turbo yake, SK9 ni lita 2.5 ya kizazi cha tano, SKE ni e-Boxer, haibridi ya kizazi hicho. Kenya, ambako gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likizidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, soko la uagizaji limeshaiacha SH, na sasa ubishi ni kati ya matoleo ya SK. Wanaonunua kwa mkono wa pili ndani ya nchi ndio bado wanapaswa kuchagua kati ya gia 4 na CVT.

Turbo ina hadithi yake fupi. Marekani, XT (jina la toleo la turbo) ya kizazi cha tatu yenye lita 2.5 na gia 4 ilipata maili 21 kwa galoni. XT ya 2014, lita 2.0 na CVT, ikapata 25. Kwa hiyo SJG yenye nguvu nyingi inakula kidogo kuliko SH ya kawaida isiyo na turbo, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wapime. Masharti yake ni petroli yenye okteni kubwa. Ukiweka ya kawaida, kompyuta husikia injini ikigonga, inachelewesha cheche, nguvu zinashuka, nawe unakanyaga zaidi. Ulichookoa kwenye bei ya lita kinarudi kwenye idadi ya lita.

e-Boxer ya SKE ndiyo inayonunuliwa kwa matumaini makubwa kuliko inavyostahili. Neno haibridi linamkumbusha mnunuzi Prius ya Toyota. Ndani kuna mota ya kilowati 10 tu pamoja na FB20. WLTC yake ni 14.0, dhidi ya 13.2 ya SK9. Mjini inapata 11.2, nafuu ya kweli ukilinganisha na 9.6. Barabara ya kasi inapata 16.0, na SK9 isiyo na mota ilipata 16.4, kwa kuwa huko e-Boxer inabeba uzito wa betri bila kupata breki nyingi za kuichaji. Mtu wa Nairobi anayekwenda Westlands kila siku ataiona faida. Mfanyabiashara wa Arusha anayekwenda Dodoma kila wiki atakuwa amelipia betri ambayo siku moja itataka kubadilishwa.

Haibridi ya 2025 ni mnyama mwingine, yenye mota mbili na teknolojia iliyotokana na ushirikiano na Toyota. EPA: mjini 35, barabara kuu 34. Linganisha na petroli tupu ya mwaka huohuo, 26 na 33, utaona faida yote imo kwenye foleni. Hata hivyo RAV4 haibridi ya magurudumu manne ilikuwa imefika wastani wa 40 tangu 2019. Sehemu ya pengo hilo ni propela shafti. RAV4 hiyo huzungusha magurudumu ya nyuma kwa mota ya umeme peke yake, ilhali Forester imeng'ang'ania shafti ya chuma kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye matope ya Kericho nitachagua shafti. Kwenye lami ni mzigo unaozunguka bure.

Sasa upande wa pili wa CVT. Ile akiba ya lita 230 kwa mwaka inaweza kumezwa na ukarabati mmoja, na tayari Subaru ya Marekani ililazimika kurefusha dhamana ya CVT za modeli nyingi, Forester za 2014 hadi 2018 zikiwemo, hadi miaka 10 au maili 100,000. Dalili za mapema ni gari kutetemeka au kutaka kuzima unapokaribia kusimama, na mshale wa mzunguko kupandashuka kwenye mwendo wa sare. Mara nyingi chanzo ni solenoidi (valvu ndogo ya umeme) ndani ya valvu bodi, si giaboksi nzima, kwa hiyo usikubali kuletewa giaboksi ya mtumba kabla msimbo wa hitilafu haujasomwa kwa mashine.

Msemo kwamba oili ya CVT ni ya maisha yote usiuamini kwenye joto na foleni zetu. Kila kilometa 60,000 ni kipimo cha busara. Imwagwe oili ya CVT iliyoainishwa na Subaru, kamwe si ATF, oili ya otomatiki za kawaida, ambayo haishiki cheni kwenye puli inavyotakiwa. Kina chake hupimwa injini ikiwaka na oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45 za Selsiasi, kupitia tundu la kufurikia. Fundi anayejaza kwa macho gari likiwa limepoa anakisia. Na kuna kosa linalojirudia dunia nzima kwa gari hili: chini yake kuna nati zaidi ya moja za kumwagia, ya injini, ya difu ya mbele na ya giaboksi. Fundi anafungua ya difu akidhani ni ya injini, anamwaga oili ya gia, kisha anaongeza oili mpya juu ya injini iliyokuwa bado imejaa. Difu inakufa kavu baada ya kilometa chache. Simama pale na utazame rangi na harufu ya kinachotoka: oili ya difu ni nzito na inanuka salfa.

Kwa injini ya FB, weka 0W-20 ya sintetiki. Fundi anayemimina 20W-50 kwa hoja ya nchi ya joto anaongeza msuguano ndani ya injini iliyobuniwa kwa oili nyepesi, na anaficha tatizo jingine: FB za mwanzo, hasa Forester za 2011 hadi 2014 zenye lita 2.5, zilipata malalamiko ya kula oili kiasi cha kesi ya pamoja kumalizwa kwa maridhiano Marekani mwaka 2016. Pima dipstiki kila unapojaza mafuta mara ya pili.

SG na SH zinazokula kupita kiasi huwa na sababu chache zinazojulikana, na ya kwanza ni ya kujitakia. Kwa hofu ya kuunguza gasketi ya silinda hedi ya EJ, mafundi wengi hutoa themostati kabisa. Injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na kuendelea kumwaga petroli ya ziada, na petroli hiyo inachuruzika hadi kwenye oili. Chomeka mashine ya OBD, inayosoma kompyuta ya gari, ukiwa barabarani: joto la maji likikaa 60 au 70 badala ya kati ya 85 na 95, umeshampata mwizi. Rudisha themostati, shughulikia rejeta. Baada ya hapo tazama sensa ya oksijeni ya mbele, pini za kalipa zilizokwama (shika rimu zote baada ya mwendo, inayochoma mkono ndiyo), na eaklina.

Halafu tairi. Subaru wanataka mzingo wa tairi zote nne usitofautiane zaidi ya milimita 6.4, yaani karibu milimita 1 tu ya kina cha kashata. Ukinunua tairi moja mpya kwa sababu moja imepasuka, klachi ya kati inafanya kazi muda wote kusawazisha tofauti hiyo, mafuta yanaongezeka, na klachi inaungua. Kipimo ni rahisi: kwenye lami kavu kata kona hadi mwisho wa usukani kwa mwendo wa kutambaa. Gari likijivuta na kurukaruka kana kwamba breki imeshikwa, klachi ya kati haiachii.

Ukitaka kupima mwenyewe, jaza hadi pampu ijikate mara ya kwanza, seti kilometa sifuri, endesha hadi chini ya robo, rudi pampu ileile ujaze vilevile, gawanya kilometa kwa lita za risiti. Fanya hivyo kwa matangi matatu mfululizo. Usitumie namba ya dashibodi, huwa inajipendelea. Na kama gari limefungwa tairi kubwa za AT (za lami na njia mbovu), rekebisha kwanza: SJ iliyokuja na 225/60R17 ikivalishwa 235/65R17, kila mzunguko unaenda mbali zaidi kwa asilimia 5. Dashibodi ikisema umeenda kilometa 380, umeenda 399, na kwa lita 40 wastani wako ni karibu 10, si 9.5.